Zege Bado Bichi

Jumanne, 4 Juni
Sikuamini macho yangu. Wifi ameng'oa nguzo! Zege la dari yake na la kwetu lilimwagwa siku moja, wiki iliyopita tu. Fundi wetu alisema nguzo za kuishikilia zisiguswe mwezi mzima. Fundi wake amezitoa zote leo na kuzipeleka kwenye kazi nyingine. Nikamuuliza wifi haraka ya nini. Akacheka. Eti sisi tunalea zege kama mtoto njiti.

Ijumaa, 7 Juni
Wifi anapaka rangi! Mume wangu hata chakula hakipiti. Mdogo wake anamtangulia kuhamia, basi anaona mtaa mzima unamtazama yeye. Kwani tunangoja nini, aliuliza. Nikamwambia mtaa hautakuja kulala chini ya hiyo dari. Amenuna. Mama mkwe naye akaongeza lake: sisi tunachelewa mpaka kwenye mambo ya heri. Kesho anahamia kwa binti yake.

Nimeumia, sitadanganya. Chumba tulichopanga kinavuja, hata mimi natamani kuhama. Lakini zege halijui tunashindana na nani.

Jumatano, 12 Juni
Nilikwenda kumjulia hali mama mkwe. Nikainua macho pale sebuleni — ufa! Kutoka kwenye taa mpaka dirishani, kidole kinaingia. Wifi anasema ni rangi imekauka vibaya. Rangi! Dari imebonyea katikati, kipofu angeiona. Nikamsihi watoke. Akasema nina kijicho.

Jumamosi, 15 Juni
Leo ndiyo sherehe yake ya kuhamia. Asubuhi wifi alikuja mbio, peku, uso umemshuka. Ufa umezidi kupanuka. Nikashukuru moyoni, nikajua anahama. Kumbe anataka nguzo! Nne tu, za katikati, za nyumba yetu. Atazivika mapazia na maua, wageni wadhani ni mapambo.

Nikamwambia toa watu kwanza, wageni wakae uani. Akauliza uso wake atauficha wapi.

Fundi wetu amekataa kuzigusa. Mume wangu akamwita yule wa wifi. Akamwita kweli! Damu ni damu, anasema, na zege letu limeshakauka. Kukauka siyo kukomaa, jamani.

Sasa nimekaa chini ya dari yetu, mgongo kwenye nguzo ya katikati, daftari magotini. Nimewaambia atakayegonga aanze na mimi. Fundi wa wifi ameweka nyundo chini, anangoja nichoke. Mume wangu hanitazami usoni. Upande wa pili wa ukuta, kwa wifi, nasikia magari ya wageni yanasimama. Nikiinuka kwenda kuwazuia, nguzo zinatoka. Nikikaa, watu wanaingia chini ya ule ufa.

Mama mkwe amekuja kutoka kwa wifi, kiti amekibeba mwenyewe. Amekiweka hapa ubavuni kwangu, akakiegemeza kwenye nguzo, akaketi. Mume wangu amerudi nyuma hatua moja.

"Inuka, mwanangu," ameniambia. "Ufa nimeuona. Hapa nakaa mimi, tuone nani atamgonga mama yake. Wewe nenda kule, una sauti."

Naenda. Mlangoni kwa wifi wageni wameshaanza kuingia, wanapiga picha —