Alhamisi za Mzee Njoroge

Jumanne, Julai. Eldoret.

Mvua imeanza mchana na mpaka sasa haijachoka. Nimefika hapa nyumbani, mtaa wa West Indies, nikiwa nimelowa hadi soksi, na hata chai sijapika. Nimeketi tu. Wacha niandike kabla sijaanza kulia tena.

Leo nimemwambia Mzee Njoroge kwamba kazi yetu imekwisha.

Asubuhi daktari mkuu wa wilaya aliniita ofisini akafunga mlango. Siku hizi mtu akifunga mlango unajua hakuna habari njema. Akasema bajeti mpya imetoka, na ile pesa ya Wizara ya Afya ya kufundisha watu madhara ya sigara haimo. Hakuna petroli tena, hakuna mabango, na Land Rover tuliyokuwa tukizungukia shule inapelekwa kwa watu wa chanjo. Mimi nirudi wodini wiki ijayo.

Nikamuuliza ni kwa nini. Akaangalia dirishani.

"Sista, sigara inaletea serikali ushuru. Na wanaolima tumbaku pia ni wananchi. Ulitarajia nini?"

Halafu akapunguza sauti. Nisiyaseme hayo nje, na nisikanyage shule yoyote bila kibali, kwa sababu mkutano bila kibali ni kesi. Sikubishana. Nilisema ndiyo, daktari, nikatoka.

Wodini nitarudi, mimi ni nesi, hiyo si shida. Shida ilikuwa nani atamwambia Mzee.

Mzee Njoroge ni mkulima wa Yamumbi. Alivuta sigara tangu ujana wake hadi saratani ikamshika kooni. Walimpasua Nairobi, wakamwachia tundu shingoni lenye kibomba, na akitaka kusema ni lazima akizibe kwa kidole. Sauti inatoka imekwaruza, kama gunia linaloburutwa kwenye changarawe. Nilipomjua alikuwa hatoki nyumbani. Wajukuu walikuwa wakimkimbia. Kanisani aliacha kwenda, akasema hawezi kukaa katikati ya watu wanaoimba.

Mimi ndiye niliyemwomba atoke. Shule ya kwanza ilikuwa upande wa Kapsoya, na alipoanza kusema watoto walicheka. Nikajuta kumleta. Kisha msichana mmoja akasimama, akauliza kwa adabu, "Babu, bado unaweza kuimba?"

"Siwezi," Mzee akasema. "Na kwenye kwaya nilikuwa naimba sauti ya nne, ile nzito."

Baadaye mwalimu wao mmoja alinifuata hadi kwenye gari, akaniuliza pole pole mtu anaachaje sigara.

Tangu hapo Alhamisi ikawa siku ya Mzee, kila wiki shule nyingine. Mama Wambui, mkewe, huniambia kwamba Jumatano jioni anajipigia pasi shati mwenyewe, hataki mtu aliguse. Na Jumapili alianza tena kwenda kanisani. Anakaa nyuma, lakini anaenda.

Leo nilimkuta akipalilia viazi. Alifurahi kuniona, akadhani nimekuja kumwambia ni shule gani wiki hii. Mama Wambui akaleta chai, nikainywa yote kabla ya kufungua mdomo.

Nikawaambia pesa ya serikali imekwisha. Habari ya ushuru sikuitaja. Niliogopa. Wazee wawili ndani ya nyumba yao, na bado niliogopa.

Mzee akaweka kidole kooni.

"Ni hii sauti? Wamesema sisikiki?"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nilimwambia hapana, Mzee, si wewe, watoto wanakusikia kuliko wanavyonisikia mimi. Nilisema hivyo mara nyingi. Sidhani aliniamini. Angeniamini vipi, kama sababu ya kweli nilikuwa nimeificha?

Akafikiri kidogo, akasema basi ataenda kwa miguu, shule ya hapo Yamumbi si mbali. Ikabidi nimkataze. Mimi niliyemtoa nyumbani ndiye niliyemwambia akae nyumbani. Nikamweleza kwamba chifu anaweza kumshika.

Mama Wambui akaweka kikombe chini. "Kwa kuambia watoto wasivute sigara?"

Mzee akajibu badala yangu, akipumzika katikati ya maneno.

"Miaka yote nikivuta, hakuna mtu aliniuliza kibali."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Aliinuka, akachukua jembe, akarudi kwa viazi vyake, na mvua ilikuwa imeshaanza. Nilimwita. Hakugeuka.

Mama Wambui alinisindikiza hadi barabarani, gunia kichwani kwa sababu ya mvua. Alinishika mkono akaniambia nisikae sana bila kuja. Alisema anamjua mzee wake, sasa atarudi kitandani aangalie ukuta, na safari hii yeye hatamweza peke yake.

Nimekuwa nikijiuliza jioni yote kama ningefanya vizuri kutomwita kabisa. Alikuwa ameshazoea ule ukuta. Nikaja, nikampa siku moja ya kungojea katika wiki, na leo nimeichukua.

Daktari simlaumu, naye anaogopa kama mimi. Lakini kuna mtu mahali fulani, mbele ya meza, aliyepiga mstari juu ya hiyo pesa, na hatawahi kujua kwamba kuna mzee Yamumbi anayedhani kosa ni koo lake.

Alhamisi nitaomba ruhusa niende kwake. Nitaenda kama mgeni tu, na mgeni kunywa chai si mkutano, nadhani. Nitamweleza habari ya ushuru, yote, hata kama nitaogopa nikiisema. Anastahili kujua kwamba si yeye.

Nitaketi pale naye. Sijui kama atataka kuongea na mimi.