Ngazi Iliyobaki Kwenye Karatasi

3 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na unakula japo kidogo. Mimi ni mzima ila nina hasira, na heri nikuambie mapema kuliko uigundue mwenyewe katikati ya barua.

Unajua tangu mwaka jana nimekalia kiti chako cha ukaguzi wa majengo. Nina wakaguzi wawili kwa majengo elfu moja mia moja na arobaini, na mmoja wa hao wawili ana mimba ya miezi minane. Jana nilisimama mbele ya kamati kuomba wakaguzi tisa. Mkurugenzi msaidizi alinisikiliza huku akitabasamu, kisha akatoa barua yako uliyoandika mwaka mmoja kabla ya moto wa kiwanda cha ushonaji. Akaisoma kwa sauti: "Wakaguzi watatu tulio nao wanatosha. Majengo yote yamekaguliwa kwa asilimia mia." Wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, mjomba wako aliweza na watatu. Wewe unataka jeshi?"

Nilirudi ofisini nikatoa faili la kile kiwanda. Fomu ya mwisho, wiki tatu kabla ya moto, ina saini ya mkaguzi wako Futi na muhuri wako: "Ngazi ya nyuma ipo, haina vikwazo." Ngazi ile ilibomolewa miaka sita kabla, ili wenye kiwanda wapate stoo ya vitambaa. Wanawake kumi na mmoja walikimbilia ukuta.

Baraza linakaa tarehe 28. Niambie mliwezaje.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Kifua hakijatulia. Daktari ameacha kunidanganya, na kwa hilo namshukuru. Natumaini watoto hawajambo.

Barua yako imenisikitisha. Kazi ile tuliifanya kwa nidhamu. Tulitembea kwa miguu, hatukuwa na simu za kupigia picha. Ninyi mkiona kazi nyingi mnaomba watu. Sisi tulijiongezea bidii. Kuhusu kiwanda, mahakama ilikwisha kusema: Futi alikuwa mzembe. Aliyekufa kafa, aliyefungwa katoka, na miaka tisa imepita. Unafukua nini?

Ukitaka ushauri wangu, omba wanne. Mwombaji mwenye adabu hanyimwi.

Mjomba wako

13 Machi

Mjomba,

Shikamoo, kwa kuwa mama alinifundisha kuamkia wakubwa. Afya yako leo siiulizi.

Nilikwenda kwa Futi. Utepe wa kupimia bado uko mfukoni mwake, ila siku hizi anapima madirisha ya watu na kuwatundikia mapazia, kwa sababu hakuna ofisi inayoajiri mtu aliyekaa jela miaka minne. Nikamwambia nimeletwa na hasira.

"Karibu," akasema, "huyo tunafahamiana naye."

Nikamuuliza mliwezaje majengo yote na watu watatu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Muulize mjomba wako habari za kalamu zake nne. Nikisema mimi, watasema mfungwa anajitetea."

Mjomba, unaniambia niombe wanne! Unanifundisha kuomba kidogo ili nipendwe? Waliokuja baada yako walinakili fomu zako, nami nimezirithi, na sijui ipi ni ya kweli na ipi ni porojo. Watu wanalala ndani ya majengo hayo. Nina wakaguzi wawili. Niambie ni majengo gani hamkuyakanyaga, ili nijue pa kuanzia. Barua nyingine ya kunituliza usiniandikie. Nitairudisha bila kuifungua.

Mpwa wako

22 Machi

Mpwa wangu,

Sijambo kwa kiasi cha kuweza kushika kalamu. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Nakuomba usinihurumie mahali popote.

Kalamu zilikuwa nne: mbili za buluu, moja nyeusi, moja ya buluu iliyopauka. Kila mwisho wa mwaka, taarifa ilipokaribia, tulifunga mlango wa ofisi, tukachukua fomu za mwaka uliopita na kunakili kila kitu isipokuwa tarehe. Baada ya kila fomu tano nilibadilisha kalamu, ionekane zilijazwa siku mbalimbali. Tuliita "kukagua kwa kukaa", na tulicheka tukisema hivyo. Ndiyo maana ngazi iliyobomolewa iliendelea kusimama miaka sita. Kila mwaka niliijenga upya kwa wino.

Hatukuwa wavivu. Siku zetu zililiwa na majengo mapya, ambayo wenyewe walikuwa mlangoni kila asubuhi wakidai vibali. Ya zamani hayakuwa na wa kuyapigia kelele. Nilikwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule nikamwomba wakaguzi tisa, tisa hao hao wako. Akaniambia, "Mkuu wa kitengo anayelia kuwa watu hawatoshi, anatuambia yeye ndiye hatoshi." Nafasi ya mkuu wa idara ilikuwa wazi, nami niliitaka. Nikarudi mezani nikaandika barua waliyokusomea. Hakuna aliyenishika mkono. Kwanza niliandika "wanajitahidi". Nikalikata, nikaandika "wanatosha". Cheo nikakipata.

Futi hakuwa mzembe. Alikuja kwangu na fomu ya kile kiwanda mkononi.

"Mzee, jengo hili hatujalikanyaga miaka sita. Nipe siku moja tu."

"Siku moja sina. Weka saini, utapita wiki ijayo."

"Na wiki ijayo ikiwa hivi hivi?"

"Futi, umeajiriwa kupima milango au kupima maneno yangu?"

Akasaini. Wiki iliyofuata nikampeleka kwenye majengo mapya, na iliyofuata hiyo pia. Moto ulishika siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wote wakiwa wamerudi kwenye cherehani zao. Mahakamani niliulizwa kama nilimwamuru asaini. Nikajibu, "Mimi hupokea fomu. Siwezi kujua mtu kaijazia wapi." Wakili wake alimwinamia, akitaka kunihoji zaidi. Futi akatikisa kichwa, akamzuia. Hata pale alikuwa bado ananiheshimu, na mimi niliitumia heshima ile kumfunga.

Nina hasira na mkurugenzi yule, na wale waliopiga makofi kwa asilimia mia bila kuuliza watu watatu wana miguu mingapi. Lakini nimeitumia hasira hiyo miaka tisa kama mwavuli, na leo nimeufunga.

Orodha uliyoomba siwezi kuiandika. Ni ndefu kuliko siku nilizobakiza. Nakuandikia ya upande wa pili: majengo ya zamani ambayo kweli tuliyakagua katika miaka yangu ya mwisho. Yako nyuma ya karatasi hii. Ni kumi na tisa. Mengine yote ni wino. Kama una siku moja tu, nenda kwanza bweni la wanafunzi wauguzi.

Isome barua hii barazani. Jina langu usilifiche.

Mjomba wako

29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Unaumwa, najua. Mimi silali vizuri.

Niliisoma yote. Mwenyekiti akasema, "Mzee wetu anaumwa. Ugonjwa huchanganya watu. Tumwombee." Ikawa hivyo, Mjomba! Uliposema uongo ulikuwa mtaalamu, umesema kweli umekuwa mgonjwa. Wameahirisha hadi tarehe 8. Hawatakubali maneno yako mpaka uyaape mbele ya wakili. Mwanao mkubwa amenipigia simu. Anasema nikithubutu kumleta wakili hapo nyumbani nisahau kwamba tuna undugu, na nisiliburuze jina la baba yake kwa ajili ya cheo changu. Chagua wewe.

Barua nilimsomea Futi pia. Alikuwa juu ya ngazi akitundika pazia, akashuka. Akaniomba nirudie pale pa mahakamani. Nikarudia. Akasema, "Mwambie nimesikia."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu. Kusamehe ni kazi nyingine, na kwa kazi hiyo mimi sina watumishi wa kutosha."

Mpwa wako

1 Aprili

Mpwa wangu,

Njoo na wakili Jumamosi asubuhi, kabla dawa hazijanilegeza. Mwanangu nimemwambia hivi: jina analolitetea ni langu, na mimi ndiye ninayejua lina nini ndani. Amekasirika, atakaa nje. Mpite, msalimie, usibishane naye.

Futi yuko sahihi. Usimwombe zaidi.

Mjomba wako

11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mwanao ameniambia tangu juzi huoni vizuri. Basi akusomee yeye, na asiruke hata neno.

Kiapo chako kilisomwa Jumanne. Safari hii hakuna aliyetaka kukuombea. Tuliomba tisa, wametoa sita, na mwenyekiti akatuambia tushukuru. Sikushukuru. Nilisimama nikasoma majina ya wale wanawake kumi na mmoja, mmoja mmoja, nikakaa. Mkurugenzi msaidizi alikuwa akitazama simu yake.

Kabla ya kiapo mkuu wa chuo alikuwa amenikatalia kuingia; leo asubuhi sikusubiri hao sita waajiriwe. Nilikwenda mwenyewe bweni la wanafunzi wauguzi. Wanalala mle mabinti sitini na wawili. Mlango wa dharura wa ghorofa ya pili una kufuli, na kufuli limeshikana kwa kutu na chuma cha mlango. Nikamuuliza mlinzi ufunguo uko wapi.

"Ufunguo?" akasema. "Mama, mimi nina miaka kumi na mbili hapa. Nilidhani ule ni ukuta."

Tulilivunja kwa nyundo. Mlango ulipofunguka tuliona nje hakuna ngazi, ni hewa tupu hadi chini kwenye saruji. Nimewatoa wote sitini na wawili, wamekaa uwanjani na magodoro yao, na mkuu wa chuo ananipigia kelele hivi ninavyoandika.

Nimeliangalia faili. Kwenye karatasi ngazi ipo, haina vikwazo. Umelipigia muhuri mara saba, Mjomba. Mara saba.

Mpwa wako