Kaburi Lisipigwe Saruji

Shamba la Mkonge, Korogwe
14 Julai 2024

Kwako dada yangu Esteri,

Leo natimiza miaka sita na miezi miwili tangu nitoke Kibondo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba goti lako limetulia. Ukiuliza hali yangu, napumua. Utomvu wa mkonge umenila mikono mpaka viwiko. Nyapara anasema mtu wa miaka arobaini na saba asilalamike, aondoke tu awapishe wengine.

Ujumbe wako niliupata. Umesema Aline, binti wa Nduwayezu, amekushtaki kwenye baraza la kata akidai nyumba unayoishi ni ya baba yake, na kwamba wajumbe watakuja kuikagua. Umesema huyo ni mkimbizi aliyepewa uraia juzi na leo anataka kukupangia pa kulala. Umesema pia kwamba hakuna mtu anayemzika mzazi wake kwenye kiwanja cha mwingine, kwa hiyo kaburi la babu pale nyuma ndiyo hati yetu. Unataka nikutumie majina yake kamili fundi ayachore kwenye saruji, na niandike kwa mkono wangu kwamba nilishiriki kumzika.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu na wanao wote wanasikiliza. Barua anakuletea Abdalah wa Murungu, mkata mkonge mwenzangu. Isome kwanza peke yako. Mwandiko uvumilie, unajua niliishia darasa la tano.

Wewe uliolewa Kagerankanda mapema, na mambo mengi ya nyumba ile ulisimuliwa na marehemu baba tu. Nduwayezu aliingia toka Burundi mwaka sabini na mbili, hana kitu. Alifyatua matofali mwenyewe kule bondeni, akayachoma, akajenga kwa miaka minne. Baba alikuwa kibarua wake. Nduwayezu alimtania kwamba anapanga matofali kama mtu anayepanda maharage kwenye shamba la mama mkwe, ilimradi jua lizame. Baba alicheka, akabomoa mstari, akaurudia. Chumba cha mbele kikawa duka la chumvi na vitenge, yeye mwenyewe akishona barazani. Vyumba vya uani walipanga walimu waliohamishiwa kwetu toka mikoa mingine. Mji ulikuwa mdogo, na ile ndiyo nyumba watu waliyoielekezea wageni.

Mwaka tisini na saba, waliotoka Burundi walipokusanywa kupelekwa kambini, Nduwayezu alimwachia baba ufunguo. Nilikuwepo. Alimwambia aangalie bati lisiibwe na mchwa wasile milango, atarudi. Wewe uliambiwa kwamba baba aliuziwa. Hakuuziwa.

Sasa nije kwa babu. Babu alipotelea Uvinza kwenye kazi ya chumvi tungali wadogo. Mwaka tisini na nane ulitumiwa habari kwamba ameletwa nyumbani mahututi, amekufa, na tumemzika upesi tukiogopa maambukizi. Ulifika siku ya tatu. Ulilala kifudifudi juu ya udongo ule ukalia mpaka sauti ikakauka, na mimi ndiye niliyekuinua.

Dada, aliyelala pale si babu. Ni Nduwayezu.

Alitoroka kambini kwa miguu akija kuchukua cherehani yake. Alifika anatetemeka kwa homa. Baba alimficha chumba cha ndani, maana wakati ule kukutwa na mtu wa kambini kulikuwa kosa. Siku ya pili Nduwayezu aliomba tuwaite majirani wamweke kwenye machela yetu ya ingobyi, wambebe mpaka hospitali. Unajua kwetu hakuna anayekataa kubeba mgonjwa. Kila nyumba hutoa mtu wake. Yeye mwenyewe, mgeni, alikuwa amewabeba wake za watu na baba za watu miaka yote ile. Alisema akikamatwa, akamatwe, bora apate dawa. Baba alikataa. Alisema watu wanane wakishika ingobyi, midomo minane itajua tulikuwa tunamficha.

Baba alikwenda shamba akaniachia ufunguo wa chumba kile. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sikuwa mtoto. Siku ya tatu Nduwayezu aliniita kwa jina. Aliniita tangu asubuhi mpaka mchana. Mara aliita Laurent, mara aliniita mwanangu. Nilikaa barazani napukuchua mahindi, ufunguo uko mfukoni, na majirani wakipita walinisalimia nikawaitikia. Alipoacha kuita nilishukuru. Alfajiri tulimzika, baba na mimi.

Mwanzoni baba alidanganya kwa woga. Baada ya miaka miwili hakutaja tena kwamba nyumba ni ya Nduwayezu. Halafu Aline na mama yake walikuja kumuulizia. Baba aliapa hajamwona tangu alipoondoka. Mimi niliwafungia viazi vitamu vya njiani, nikawasindikiza hadi barabarani. Walipita hatua kumi tu toka kaburini.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia unayoyataka. Fundi mrudishe, kaburi lisipigwe saruji kwa jina la babu. Nilikusudia kukuomba usimwambie Aline mpaka nifike, lakini tumemnyamazia miaka ya kutosha. Ukiweza, mwonyeshe barua hii. Najua huna pengine pa kuishi na wanao. Kiwanja chetu cha Makere kipo, tutafyatua matofali wenyewe. Ukinichukia, una haki, ila usiseme baadaye kwamba hukujua.

Nisalimie wanao wote, na shangazi ukimwona. Usiwaeleze haya ukiwa na hasira. Subiri hasira ipoe.

Baraza linakaa Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Agosti. Nitaingia Kibondo Jumatatu ya tarehe kumi na tisa, na siku ya baraza nitasimama upande wa Aline.

Ni mimi mdogo wako,
Laurent