Nilivyoficha Kuanguka

Jumanne

Nimedanganya mbele ya mwanangu.

Dada anayenifanyisha mazoezi ya goti pale kliniki aliniuliza kama nimeanguka tangu wiki iliyopita. Neema alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikajibu, "Hapana." Kumbe Jumapili nilianguka bafuni, nikakaa sakafuni muda mrefu nikishindwa kunyanyuka.

Neema akijua atanihamishia kwake Kisongo. Hii nyumba ya Moshono tuliijenga na marehemu baba yake. Siwezi...

Nilipopandisha gauni, yule dada akaona ugoko umevilia damu. Akamwomba Neema atusubiri nje.

"Bibi, nikikupa mazoezi ya mtu asiyeanguka, nitakuumiza."

Nikamweleza yote. Akasema lazima aandike kwenye faili, ila Neema nimwambie mwenyewe.

Nilimwambia tulipofika getini kwangu. Hakunigombeza. Aliingia bafuni, akakaa pale chini, akauliza, "Ulikuwa hapa, mama?"

"Hapo hapo."

Akafuta macho.

Sasa namsikia anatandika kitanda cha wageni. Hajasema atalala siku ngapi, na mimi naogopa kumuuliza.