Pamba Ambayo Sikuiandika

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa mbinu za utafiti angeniuliza ninamwamkia marehemu ili iweje. Nimeshamzoea. Kwake kila karatasi ina maswali matatu: nani kaandika, lini, kwa ajili ya nani.

Unaikumbuka jioni ile nyumbani Mabatini, nilipokuwa nahangaika na insha ya historia ya Marekani? Mada ilikuwa watumwa waliochuma pamba kule kusini. Nilikusomea ushahidi wa mzee mmoja aliyehojiwa miaka mingi baada ya kuachwa huru. Uliweka kikombe chini, ukauliza kama alisema lolote kuhusu vidole. Nikasema hapana. Ulishangaa mtu achume pamba utoto wake wote asivitaje vidole.

Ndipo ukaanza kusimulia utoto wako kwenye shamba la pamba. Jinsi ganda kavu linavyochana ngozi kando ya kucha. Jinsi Bibi alivyowakalisha ninyi watoto wake mkekani kutenganisha pamba safi na fifi, ile chafu yenye madoa, na aliyechanganya alirudia fungu lote. Ulieleza mpaka chai ikapoa.

“Mbona huandiki?” ukauliza.

“Baba, swali ni la Marekani.”

Ulicheka kidogo, ukainywa chai yako hivyo hivyo ilivyopoa. Alama zilipotoka nilikuletea insha, ukaipitia ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayechambua fifi. Nilidhani unajivunia. Leo nadhani ulikuwa unatafuta vidole.

Mwaka huu utafiti wangu wa mwisho ni pamba ya huku kwetu. Nimewahoji wazee Igogo na Kirumba, simu inarekodi, wananijibu vizuri kabisa. Bei wanazikumbuka, na foleni za kupima. Vidole hakuna aliyevitaja, na kuwatia maneno mdomoni ni mwiko. Shahidi wangu ulikuwa wewe, na nilikuwa nawe meza moja. Inaniuma, Baba.

Basi nimeandika yale niliyoyakumbuka. Sheria ni kueleza chini ya ukurasa ushahidi ulivyopatikana, nami nimeeleza: “Msimulizi ni baba wa mtafiti, sasa marehemu. Alisimulia bila kuombwa. Mtafiti alikuwa na kalamu mkononi.”

Mwalimu ameizungushia duara sentensi ya mwisho, anasema haihitajiki, niifute.

Sijaifuta. Pumzika, Baba.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho