Kuku Waliopimwa Saa Nane za Usiku

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu kuna binti wa watu ataadhibiwa kwa kosa langu mimi, na mimi ndiye mtu pekee anayejua.

Nina miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto wanne, shule niliishia ya msingi, na kazi yangu ni kutunza banda la kuku la chuo kimoja cha utafiti, yaani nalisha, nasafisha, naokota mayai, na mwaka juzi nikaongezewa kupima. Usicheke mshauri, kupima kuku ni kazi. Kuku hataki kupimwa. Unamshika miguu anakupiga mabawa usoni, unamweka kwenye mzani anakunyea mkono, ukigeuka kuandika ameruka, na hao walikuwa arobaini, kila Jumatatu na Alhamisi, ishirini wanakula chakula cha kawaida na ishirini wanakula chakula kipya cha funza waliokaushwa, kwa sababu kuna binti pale chuoni anatafuta shahada yake ya juu na alitaka kujua kama kuku wa funza wanakua haraka kuliko wenzao.

Huyo binti ananiita mjomba. Hatuna undugu wowote, lakini siku ya kwanza aliponiita hivyo kichwa kilivimba, na tangu hapo nikawa mjomba kweli, nikamwambia asijisumbue kuja bandani kuchafua viatu, mjomba wake yupo. Kila Ijumaa nampelekea fomu zimejaa, anaingiza uzito kwenye kompyuta nikiwa nimesimama palepale, na akiona wa funza wamepanda anapiga makofi, "Mjomba, wanakua! Mjomba, wanakua!" na mimi narudi bandani natembea kama nimewataga mwenyewe.

Sasa Alhamisi moja mvua ilinyesha, mgongo unauma, nikakaa stoo ya chakula na kikombe cha chai nikasema leo naandika tu, kwani kuku wa Jumatatu na kuku wa Alhamisi wana tofauti gani, nikachukua uzito wa Jumatatu nikaongeza gramu chache kwa kila mmoja, na wale wa funza nikawaongezea zaidi kidogo ili binti afurahi. Dakika kumi nimemaliza arobaini, hakuna aliyeninyea. Mshauri, kitu kikiwa rahisi hivyo kinajirudia chenyewe. Alhamisi nyingine ikaja, na nyingine, halafu na Jumatatu zikaanza, mpaka nikawa na kuku wa aina mbili, kuku wa banda na kuku wa kalamu, na kuku wa kalamu walikuwa na afya sana, hawaumwi, hawapungui, hawajui hata mafua.

Utafiti ukaisha, kuku wakauzwa, makala ikatoka kwenye jarida kubwa la kisayansi, jina la binti mbele na la profesa wake nyuma, na kule mwisho kabisa wakanishukuru mimi, mhudumu wa banda. Mke wangu aliibandika ukutani sebuleni.

Kumbe huko duniani kuna watu wanarudia walichofanya wenzao waone kama ni kweli. Chuo kingine kikatafuta funza, kikatafuta kuku, kikapima, na kuku wao wa funza wakakua sawasawa na wale wengine. Wakaliandikia jarida, jarida likaandikia chuo chetu, chuo kikaunda kamati ya watu watatu, mwenyekiti mama mmoja mwenye miwani, na kamati ikaomba picha za fomu zote.

Hapo sasa. Mzani wetu una saa kwenye kioo chake. Saa mbili na dakika kumi asubuhi unaonyesha 8:10, saa tatu na dakika tano unaonyesha 9:05, kwa hiyo siku nilizopima kweli nilinakili kama ilivyo. Lakini kule stoo hakukuwa na mzani, niliandika saa iliyokuwa kichwani kwangu, saa mbili na dakika kumi nikaandika 2:10, saa tatu na dakika tano nikaandika 3:05, kwangu mimi ni saa ileile, na binti alikuwa anachukua uzito tu, safu ya saa hakuitazama hata siku moja. Yule mama akaitazama. Akamwambia, "Mwanangu, 2:10 kwenye fomu hii ni saa nane za usiku. Mlikuwa mnaamsha kuku? Na kama ni saa mbili asubuhi, aliyeandika alikuwa anaangalia saa gani, maana mzani hausemi hivyo."

Binti akaja bandani mbio. "Mjomba, hebu nikumbushe, hizi saa vipi?"

Nikamwambia, "Aa, si ile saa ya mzani ilikuwa inaruka-ruka?"

"Ilikuwa inaruka?"

"Sana tu."

Akanishukuru, mshauri. Akaenda akaiambia kamati saa ya mzani ilikuwa mbovu, kamati ikapeleka mzani kwa fundi, fundi akasema saa ni nzima kabisa, haijawahi hata kufunguliwa. Sasa wanasema binti alibuni namba na juu yake ameongeza uongo. Mwandiko ni wangu, wanaujua, lakini wanasema mhudumu anaandika anachoambiwa. Jumatatu wanataka fomu zenyewe mezani, na wakiona ni yeye, shahada hapati.

Nikamwambia mke wangu. Akasema, "Kwani wewe ndiye msomi? Waache wasomi wamalizane." Halafu akaenda akabandua ile karatasi ukutani.

Funguo za kabati la fomu ninazo mimi. Na nikuambie yote, mbili kuifanya nane ni kuiziba tu kwa kalamu, na tatu kuifanya tisa ni kuifunga kichwani, nimejaribu pembeni mwa gazeti na inatoka vizuri. Binti anapona, mimi napona, nabakiza miaka mitatu nistaafu kwa amani. Au niandikie kamati barua isiyo na jina? Jana alipita bandani macho mekundu, akanisalimia shikamoo mjomba kama siku zote, nikajifanya nafukuza kuku. Nifanye nini?

Mjomba wa kusingiziwa

*

MSHAURI ANAJIBU

Mjomba,

Kuku wa kalamu wamenichekesha hapa ofisini mpaka jirani yangu wa meza akaomba kusoma. Nilipofika kwa fundi wa mzani nikaacha kucheka. Mpaka pale ulikuwa mvivu mwenye moyo mzuri, na hao tunao kila ofisi, hata hii. Lakini mtoto alikuja kwako akikuamini, nawe ukampa uongo akausimamie yeye mbele za watu. Mgongo ulikuwa unauma siku hiyo pia?

Kalamu weka chini. Kamati ina picha za fomu, umeniandikia mwenyewe. Jumatatu wakiweka picha yenye mbili kando ya karatasi yenye nane, ataulizwa nani? Si wewe. Kabati hilo usiliguse mpaka mtu wa kamati awe amesimama ubavuni mwako. Na barua isiyo na jina ndiyo usahau kabisa, maana watadhani kaiandika binti.

Halafu acha kuwanung'unikia wale wa chuo kingine. Nimeona ulivyowaandika, kama watu wasio na shughuli. Shughuli yao ndiyo hiyo. Mmoja anasema kaona, mwingine anajaribu, isipokubali wanadai kuona karatasi, na anatokea mama mwenye miwani anasoma safu ambayo kila mtu aliiruka. Inachelewa na inauma, lakini bila hivyo wafugaji wangeendelea kubadilisha chakula cha kuku wao kwa ajili ya gramu ulizozipika stoo. Katika barua yako yote hiyo ndefu, mfugaji hata mmoja hukumtaja.

Na mkeo mpe salamu, mwambie amekosea. Aliyeshika kuku na kuandika uzito ndiye aliyefanya nusu ya utafiti. Ulikuwa mmoja wa hao wasomi siku zote, ndiyo maana umeweza kuharibu kiasi hiki.

Sasa sikiliza, kuna kitu umekishika mkononi na hukioni. Unadhani saa zimekuumbua. Saa hizo ndizo zitakazomtoa binti. Ukurasa wenye saa ya mzani ulipima, ukurasa wenye saa ya kichwani ulibuni, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukaa na fomu zile akasema huu kweli, huu uongo, na sababu ni hii. Binti hawezi, hata akilia wiki nzima. Kwa hiyo utakaa mbele ya kamati ukurasa kwa ukurasa, utaweka alama, utasaini jina lako kamili. Na la fundi useme: ni mimi niliyemwambia binti saa ni mbovu.

Makala itafutwa, tena sababu itaandikwa watu wote waisome. Usiwaombe waiache. Kurasa za kweli zikibaki za kutosha, binti atajua kuku wake walikua kiasi gani hasa, na huenda ikawa si kitu. Ataulizwa pia kwa nini hakukanyaga banda, na profesa wake ataulizwa kwa nini hakumuuliza. Hayo wayajibu wenyewe, wewe usijifiche humo. Kazi yako nayo inaweza kwenda, sitakudanganya. Lakini kazi gani hiyo unailinda, ambayo mtoto akikuamkia inabidi ukimbilie kuku?

La mwisho, na hili lina haraka. Barua yako imefika Jumanne, nikairusha foleni itoke Ijumaa hii. Jina hukuweka, ila mjomba, vyuo vyenye kuku wa funza na mzani uliopelekwa kwa fundi viko vingapi? Usinilaumu, gazeti uliliandikia mwenyewe. Huko chuoni kwenu linafika kabla ya chai. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu, nenda ofisini kwa binti umwambie kwa mdomo wako, kisha mwende wote kwa yule mama asubuhi hiyohiyo. Akikufokea, pokea. Akilia, subiri amalize. Na ukimkuta tayari ameufungua ukurasa huu, usiishie mlangoni. Ingia, useme ni wewe.