Ufa wa Juu ya Altare

Muscat, Jumapili mchana

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama na goti limekupa nafuu, maana dada Anjela aliniambia lilikusumbua masika yote. Mimi ni mzima. Joto la huku linatukausha kama dagaa, lakini kazi ipo na chakula kipo, namshukuru Mungu.

Ningeweza kupiga simu. Ila kwenye simu wewe na mimi tunaulizana habari za mvua, halafu tunanyamaza. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua nampa mwenzangu wa Ujiji anayekwenda likizo.

Jana tulimwaga zege la ghorofa ya nne, juu ya mbao nilizozigonga mimi kulishikilia mpaka likauke. Zege lilipoanza kushuka, mawazo yakanirudisha Simbo, nikiwa mdogo, nimekaa ubavuni mwa Mama kanisani, shingo nimeinua juu. Kanisa letu halina dari. Paa ni zege tupu lililokunjwakunjwa kama karatasi, halina hata nguzo moja katikati, na kwenye kila kunjo imebaki alama ya mbao zako. Padre akihubiri, Mama alikuwa akininong'oneza, "Ona lile fundo la mti. Ubao ule aliuranda baba yako." Jua likipenya kwenye vioo vya rangi vya ule ukuta wa matundu, mikono yake iligeuka ya buluu, kisha nyekundu. Nilikuwa nadhani kila mtoto baba yake amejenga paa la kanisa.

Lakini wewe hukuwa ndani nasi. Kila Jumapili ulikaa nje, chini ya mnara wa kengele uliosimama peke yake uwanjani, rozari mkononi. Tulipouliza, Mama alisema unapenda hewa. Hata siku ya mazishi yake ulibeba jeneza mpaka mlangoni, ukawaachia wengine, ukabaki nje. Nilikuchukia siku ile, Baba. Hasira hiyo ndiyo niliyoondoka nayo kuja huku bila kukuaga vizuri.

Mwaka jana Anjela akanipigia simu kwamba kamati ya parokia inataka kubomoa paa kwa sababu ya ufa wa juu ya altare. Walipokuja kukuuliza, ukawajibu, "Bomoeni. Mimi ndiye niliyeliharibu." Nikamwambia Anjela, kaa na Baba akueleze vizuri. Ndipo ukamweleza kuwa Bruda wa misheni aliyechora ramani ya kanisa aliugua akarudishwa kwao, mvua zilikuwa zinakaribia, nawe ukaamua kuzitoa mbao za mwisho chini ya zege kabla ya siku alizokuwa amepanga. Wiki iliyofuata ufa ukaonekana. Bruda hakurudi tena. Paroko wa wakati ule alikuambia halina neno, lakini ukajiona hustahili kukaa chini ya kazi uliyoiharibu.

Baba, nilimwomba Anjela anitumie picha za ufa ule. Mama alijua, sivyo? Na hakukusema kwa mtu.

Kesho yake nikamwonyesha picha injinia wetu, mzee wa Kimisri asiyependa maneno mengi. Akazitazama, akasema, "Huenda ulitokea zege lilipokauka tu. Lakini picha haitoshi. Bandikeni plasta ya jipsam juu ya ufa, muandike tarehe. Paa likisogea, jipsam itapasuka." Nikakutumia maneno hayo, nawe kwa umri wako ukapanda ngazi, ukabandika vipande vitatu. Masika yamepita, vyote vizima. Mtaalamu aliyeletwa na parokia naye amepanda, amegonga, amepima, amesema paa lizibwe maji tu, lisiguswe zaidi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Juzi Anjela akanisimulia ya Jumapili iliyopita. Uliingia kabla kengele ya pili haijalia, ukavua kofia, ukaenda kukaa kwenye benchi la Mama, upande wa wanawake. Mwanamke mmoja alitaka kukuelekeza upande wa wanaume, Anjela akamshika mkono. Misa nzima ulitazama juu. Mlipotoka, Anjela akangoja useme neno. Ukamwambia, "Zile mbao za kushoto sikuziranda vizuri."

Nimecheka, Baba, kisha nimelia, mpaka wenzangu wakauliza nani amefariki. Nisamehe kwa siku ile ya mazishi. Nilikuhukumu na sikujua.

Likizo yangu ni baada ya Pasaka. Nikifika, nataka unieleze mlivyoyapanga makunjo yale bila umeme wala mashine, maana huku nikiwasimulia mafundi wananiona mwongo.

Nisalimie Anjela na shemeji yangu muuza migebuka, mwambie samaki wake nimewakumbuka. Shangazi wa Kalinzi mwambie kahawa yake ilifika, tuliinywa, na Wamisri wakaomba nyingine. Paroko mpe shukrani zangu, na kaburi la Mama lipalilie kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao, fundi mbao,
Deo